Kikundi Kidogo Kinapokabidhiwa Fedha

Kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja hadi soko la Mchikichini ni mwendo wa miguu usiomchosha mtu. Ashikaye njia hiyo asubuhi huuacha nyuma Mtaa wa Lumumba, huipenya Kariakoo katikati ya mikokoteni na majora ya vitenge, huuvuka Mtaa wa Msimbazi, na mara hujikuta penye marundo ya mitumba na moshi wa mama lishe. Huko ndiko lilikofanyika, katikati ya miaka ya 2010, jambo ambalo lilistahili kusemwa zaidi kuliko lilivyosemwa, hasa na watu wenye dhamana ya kuamua nani apewe fedha za maendeleo na nani anyimwe.

Wanawake wafanyao biashara katika masoko ya Dar es Salaam walikuwa wamezoea kutukanwa. Mteja alikula wali, akanawa mikono, akaondoka akiwa amemwachia mama lishe tusi badala ya fedha. Mwingine aliona kuwa kumshika mwanamke mwilini ni sehemu ya kupatana bei. Yote hayo yalihesabiwa kuwa ni desturi ya soko, na mwanamke aliyelalamika aliambiwa kwamba kama hawezi vishindo vya sokoni basi arudi nyumbani. Shirika liitwalo Equality for Growth, lililoanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya wanawake wa sekta isiyo rasmi, lilipata ruzuku kutoka Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Kukomesha Ukatili dhidi ya Wanawake. Kwa ruzuku hiyo ikaendeshwa katika masoko ya Ilala na Temeke kampeni iliyoitwa Mpe Riziki Si Matusi, na Mchikichini likawa miongoni mwa masoko hayo.

Yafaa ichunguzwe fedha hiyo ilitumikaje, maana hapo ndipo penye somo. Ilitumika kuwafundisha wanawake wa soko lenyewe sheria za nchi na namna ya kupokea malalamiko, ili wawe wasaidizi wa kisheria. Ilitumika kuwakalisha pamoja wafanyabiashara, viongozi wa masoko na polisi. Tena ilitumika kuandika mwongozo wa kuzuia ukatili sokoni, wenye adhabu zake, ambao uongozi wa soko uliukubali na kuufanya kuwa wake. Wale wanawake hawakuajiriwa wala hawakupewa ofisi. Waliendelea kukaa mezani pao wakiuza, na palipotokea ugomvi, muuza nyanya alimwomba jirani amwangalizie biashara yake, akaenda kusikiliza shauri, akarudi. Taarifa za kampeni zilieleza kwamba matusi na ushikaji vilipungua. Hata asiyeziamini taarifa za wahisani hawezi kulikana jambo moja: ruzuku yenyewe ilikuwa na tarehe ya kwisha, lakini mtu aliyekwisha kufundishwa sheria hafundishuki kinyume, na mwongozo uliokwisha kukubaliwa na soko haurudi New York pamoja na hesabu za mradi.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wa aina hii wakatambuliwa rasmi, na ikasisitizwa kuwa msaada wao hutolewa bure. Ni nadra sheria kukutana na kazi ambayo wananchi wamekwisha kuianza.

Lakini katika ofisi nyingi bado imo imani kwamba fedha si kitu cha kukabidhiwa watu wa mezani. Hoja ni kwamba hawana mhasibu, hawana gari, hawajui kuandika mchanganuo, na mwenyekiti wao ameishia darasa la saba. Fedha wapewe wataalamu, nao wataalamu wataitisha semina ya siku tatu katika hoteli, watagawa kalamu na mikoba, na siku ya nne kila mtu atakwenda zake. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamepata kuhudhuria semina za namna hiyo, na wanajua ni kitu gani kilichobaki baadaye zaidi ya mkoba.

Hoja hii inasahau historia ya mtaa wenyewe. Nyumba ya Mtaa wa Lumumba, ambamo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa kwanza nyumba ya Chama cha Waafrika, iliyojengwa kwa michango na nguvu za wanachama, watu wa mishahara midogo na wengine wasio na mshahara kabisa. Mwaka uliofuata, Bibi Titi Mohamed alipotakiwa kuwaingiza wanawake katika TANU, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na vya lelemama vya Dar es Salaam, akiwa yeye mwenyewe mwimbaji. Alikwenda huko kwa sababu vikundi hivyo vilikuwa na mambo ambayo chama kipya kilikuwa bado hakina, yaani wanachama wanaojuana, viongozi wanaoaminika, na desturi ya kuchanga na kutunza fedha ya pamoja. Maelfu ya wanawake waliingia katika muda wa miezi. Hakuna aliyeuliza kama mweka hazina wa kikundi cha ngoma alikuwa na cheti.

Siri ya mweka hazina wa namna hiyo si ngumu kuielewa. Anaishi na wale anaowatunzia fedha. Akinunua kabati jipya mwezi uleule mfuko ulipopungua, mtaa mzima utaliona kabati kabla mkaguzi hajapata habari. Ukaguzi huu hauandikwi popote na haulipiwi, lakini unafanyika kila siku. Kwa hakika una kasoro zake pia: jirani huweza kumwonea haya jirani, na shangazi wa mwenyekiti huweza kusamehewa deni. Ndiyo maana daftari na stakabadhi vinahitajika hata miongoni mwa watu wanaopendana.

Ng'ambo ya bonde la Msimbazi, upande wa Kinondoni, upo mfano mwingine mkubwa zaidi. Hananasif lilikuwa eneo lililojengwa bila mpango, na kila masika maji yaliingia majumbani na kubeba uchafu wa vyoo. Katika miaka ya 1990 wakazi wakaunda chama chao cha maendeleo, na kwa ushirikiano na Halmashauri ya Jiji, Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, Ford Foundation na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, wakajenga mifereji ya maji ya mvua na barabara za mtaa. Jambo la kuangaliwa ni mkataba. Badala ya kumleta mkandarasi na vibarua wake, kazi yenyewe ilikabidhiwa chama cha wakazi kwa mkataba, na wakazi, wanawake kwa wanaume, ndio waliochimba, waliojenga mawe na waliosimamia. Wengi walitoka katika kazi ile wakiwa na ufundi ambao hawakuwa nao. Ulipokuja wakati wa kutunza kilichojengwa, chama kikatoza ushuru mdogo kwa magari yanayoingia mtaani ili kupata fedha ya matengenezo. Mkandarasi huondoka akiwa amelipwa, wala hajali mfereji ukizibwa na taka mwaka wa pili, lakini aliyeuchimba akiwa anakaa kando yake analala vibaya mvua inaponyesha.

Hata hivyo, si haki kuuficha upande wa pili, na gazeti la Chama halina sababu ya kuuficha. Mwaka 2018 sheria iliweka wazi kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilikuwa mikopo, si ruzuku, lakini nia ilikuwa hiyohiyo ya kufikisha fedha mikononi mwa vikundi vidogo. Miaka michache baadaye ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zikaonyesha makumi ya mabilioni ya shilingi ambayo hayakurejeshwa, na pia vikundi hewa, yaani majina yaliyoandikwa kwenye karatasi bila watu nyuma yake. Aprili 2023 Waziri Mkuu akatangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo hiyo ili utaratibu utazamwe upya, na hadi iliporejeshwa mwaka 2024, kwa kanuni mpya na katika baadhi ya halmashauri kwa kupitia benki, vikundi halali vilikaa vikisubiri pamoja na vile vya uongo. Mwanamke aliyekuwa amerejesha mkopo wake wote, akitegemea wa pili ili akuze biashara yake, aliadhibiwa kwa kosa la mtu asiyekuwepo.

Wapo waliosema hapo kwamba imethibitika sasa: wananchi hawawezi kuaminiwa na fedha. Uamuzi huo ni wa haraka mno. Kikundi hewa hakiwezi kujisajili chenyewe wala kujiidhinishia mkopo. Ili jina lisilo na mtu lipate fedha, sharti iwepo sahihi ya mtumishi aliyepaswa kwenda kukiona kikundi na asiende, au aliyekwenda na kukubali kutoona. Sharti wawepo pia wale waliokusanya watu watano wiki moja kabla ya fedha kutolewa, wakawapa jina la kikundi na katiba iliyonakiliwa, kwa sababu uchaguzi ulikuwa unakaribia. Wizi ule ulianzia mezani pa ofisi, na wananchi ndio wakatajwa kuwa wezi.

Tofauti kati ya Mchikichini na vikundi hewa ni kwamba kule watu walitangulia na fedha ikafuata. Wanawake wale walikuwa sokoni kabla ya ruzuku, walikuwa na shida yao kabla ya ruzuku, na walikuwa wakisaidiana kwa upatu na kwa mazishi kabla ya mhisani yeyote kulisikia jina la soko lao. Afisa Maendeleo ya Jamii akitaka kujua kikundi ni cha kweli, asianze na katiba. Aulize ni nani aliyeuguliwa mwaka jana, na wenzake walichanga kiasi gani. Kikundi cha kweli kitajibu papo hapo, tena wanachama watabishana kuhusu kiasi.

Liko pia suala la posho, ambalo limeharibu zaidi kuliko wizi wa wazi. Mradi mkubwa unapoingia kata fulani na kumlipa kila anayekuja kuketi, anayejitolea katika kikundi jirani huanza kujiona mjinga. Si kwamba watu wanaojitolea wasirudishiwe nauli. Mama lishe akifunga jiko lake siku nzima ili kumsindikiza mwenzake kituo cha polisi, haki yake ni kurudishiwa alichopoteza. Lakini kurudishiwa gharama ni jambo moja, na kulipwa kwa kuhudhuria ni jambo lingine. La kwanza humwezesha anayejitolea kuendelea, la pili humgeuza mtafutaji wa mikutano.

Wahisani nao hawana budi kusemwa. Wengi hutaka kikundi cha watu 20 wasiofika kidato cha nne kijaze fomu ndefu za Kiingereza, na kwa sababu hiyo fedha huenda kwa yule ajuaye Kiingereza cha fomu, ambaye mara nyingi ni asasi ya mfukoni. Ni kweli kwamba nchi inahitaji uwazi, na kanuni za mwaka 2018 zilizoyataka mashirika kutangaza fedha wanazopokea zinapozidi shilingi milioni 20 zilikuwa na sababu zake. Ila kipimo cha shirika la mamilioni kisipunguzwe herufi tu na kuwekwa juu ya kikundi cha laki tano. Kwa kikundi hicho, hesabu zilizosomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa ni ukaguzi mzuri kuliko ripoti iliyofungwa kwa ngozi na kupelekwa nchi ya mbali.

Jambo hili limekuwa la haraka kuliko ilivyokuwa awali. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mashirika yaliyokuwa na magari na ofisi za ghorofani yalipunguza wafanyakazi kwa siku chache. Azimio la Arusha lilikwisha kuonya mwaka 1967 kuhusu kuyajengea maendeleo juu ya fedha za wengine, na onyo hilo halikuhitaji uthibitisho wa namna hii. Fedha itakayopatikana sasa itakuwa kidogo, na sehemu kubwa itatoka katika mapato ya halmashauri zetu wenyewe. Fedha kidogo haiwezi kubeba semina za hotelini. Inaweza kununua mafunzo ya wasaidizi wa kisheria kumi, au saruji ya mfereji mmoja, au madaftari na kabati la chuma la kufungia stakabadhi.

Kazi iliyobaki inawaangukia watumishi na walimu. Katika kata nyingi mwalimu wa shule ya msingi ndiye mtu pekee anayeweza kukifundisha kikundi kuandika daftari la mapato na matumizi kwa Jumamosi mbili, bila posho na kwa Kiswahili. Afisa wa kata ndiye awezaye kwenda kukitembelea kikundi bila kutangaza, akakaa kwenye benchi la mama lishe, akalipia chai yake, na kusikiliza. Halmashauri hutengeneza bajeti zao kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai mosi, na si jambo gumu kuingiza kifungu cha ruzuku ndogo kwa vikundi vilivyokwisha kufanya kazi kwa nguvu zao wenyewe kwa miaka isiyopungua miwili, fomu yake iwe ya ukurasa mmoja, na orodha ya waliopewa isomwe hadharani katika kila mkutano wa mtaa, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi.