Kazi ni Kulea Mwana



Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Sisi wa Goma tumeugeuza usemi huo. Mimba twaipokea kwa shangwe, ubatizo twaufanyia karamu na vitambaa vya sare, kisha mtoto akianza kutambaa, twamwachia dada yake wa miaka minane na kusema, «Atakua tu.» Neno hilo nalipinga. Ni la uongo, na wanaoulipia uongo huo ni wale wasioweza bado kusema.

Piteni saa nne za asubuhi katika vichochoro vya Birere, Mabanga au Ndosho. Mama ametoka alfajiri kuvuka mpaka kuelekea Gisenyi, ama yuko Kituku akingoja mitumbwi. Baba anasukuma chukudu, au hajulikani aliko. Juu ya mawe ya volkano ameketi binti, mdogo wake mgongoni, bidoni ya maji miguuni. Binti huyo hana hatia. Anabeba kazi ya mtu mzima kwa mabega ya mtoto. Lakini yeye amenyimwa shule, na mdogo wake amenyimwa mtu mzima wa kumtazama na kuzungumza naye.

Maana mtoto mchanga hakui kwa uji peke yake. Akitoa sauti, ahitaji uso unaomjibu. Akianguka, ahitaji mkono ule ule alioujua jana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitaja nguzo tano za malezi ya miaka ya kwanza: afya njema, lishe ya kutosha, usalama, nafasi ya kujifunza mapema, na malezi yanayomsikiliza mtoto na kumjibu. Nguzo nne tuna haki ya kuzidai kwa wakubwa, na tuzidai. Lakini ile ya tano haingoji waziri wala mfadhili. Yangoja mtu.

Najua jibu litakalotolewa: «Tuleteeni amani kwanza.» Ni kweli, mji huu umeona wimbi la wakimbizi la 1994, lava ya Januari 2002 na ya Mei 2021, mapigano ya Januari 2025 na kambi za pembeni mwa mji kuvunjwa baada yake. Nani basi, wanauliza, ana nafasi ya kufikiria nyimbo na michezo ya watoto?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mabomu yalipokuwa yakianguka London, wanawake wawili, Anna Freud na Dorothy Burlingham, walifungua huko nyumba za kuwalea watoto wadogo. Waliona jambo ambalo wengi hawakulitarajia: mtoto aliyekuwa karibu na mama yake, au na mlezi aliyemzoea, aliyastahimili mabomu, kutengwa naye ndiko kulikomwumiza zaidi. Kwa hiyo wakawagawa watoto katika vikundi vidogo kama jamaa, kila kikundi na mlezi wake. Nasi tulionyeshwa hayo hayo usiku wa lava wa 2021, mamia ya watoto walipopoteana na wazazi wao njiani. Mtoto hakulilia nyumba iliyokuwa hatarini, alimlilia mama.

Basi, wakati wa vita ndipo uhusiano unapokuwa paa la mtoto. Kungoja amani ndipo tulee ni kumwamuru mtoto angoje kukua. Yezu mwenyewe alikuwa mkimbizi kabla hajajua kusema, na Yosefu hakungoja Herode afe ndipo awe baba.

Wengine watasema: «Tuna vituo vya yatima.» Tunavyo, na tunavishukuru, nyumba ya Wasalesiani ya Ngangi imewapokea watoto wengi wasio na pa kwenda. Lakini wengi wa watoto ninaowasema wana mama aliye hai. Mama huyo amechoka tu. Kumshika mkono kabla hajaanguka ni heri kuliko kumpokea mtoto wake baada ya yeye kuanguka. Wala shule haitoshi: tangu 2019 serikali imeanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, ila shule ya watoto wadogo imebaki ya mwenye fedha.

Sasa niwaseme ninyi, nami nikiwa mmoja wenu. Vyumba vyetu vya mikutano vimefungwa tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Fedha za kitambaa cha jubilei hupatikana daima. Kwa nini basi kila shirika lisichague akina mama wawili au watatu wanaoaminika, likawalipa kidogo, na kila mmoja akapokea watoto wachache, wale wale kila asubuhi? Ninyi mngechota maji, mngetengeneza vitu vya kuchezea, mngewasimulia hadithi kwa lugha ya nyumbani kwao. Pasiwe na mtu yeyote anayeachwa peke yake na watoto, na wazazi wawe na ruhusa ya kuingia saa yoyote. Na yule binti wa bidoni arudi darasani.

Nanyi wavulana, msicheke mkidhani ni mambo ya wasichana. Mkono mmoja haulei mwana, wala si mkono wa mwanamke tu uliosemwa. Asiyewahi kumtuliza mtoto wa jirani atajifunzia wapi kumtuliza wa kwake?

Mitume waliwafukuza watoto wakidhani Bwana ana kazi kubwa zaidi. Aliwakemea.

Tujiulize katika kikundi: Katika shirika letu, ni watoto wangapi wa chini ya miaka sita wanaoshinda bila mtu mzima, na ni nani anayewajua kwa majina? Tutaanza na nini kabla ya mwezi huu kwisha?