Usaili, Desa na Ukweli Unaobaki Nyumbani

Mwaka jana niliombwa kuketi katika jopo la usaili la taasisi moja iliyokuwa ikitafuta mhasibu msaidizi. Nafasi ilikuwa moja. Walioitwa walikuwa 18, wote wahitimu wa vyuo, wote wamevaa kwa heshima, wengi wamefika saa nzima kabla ya wakati. Kila mmoja aliingia na bahasha ya vyeti, akasalimu, akasubiri kuambiwa aketi. Maswali yetu yalikuwa yale ya siku zote: tueleze kuhusu wewe, kwa nini unaitaka kazi hii, uwezo wako ni upi na udhaifu wako ni upi, unajiona wapi baada ya miaka mitano.

Kufika adhuhuri nilikuwa nalijua jibu kabla halijatamkwa. Wa tatu alisema udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi. Wa tano akasema hivyo hivyo. Wa tisa akaongeza kwamba yeye hawezi kulala mpaka kila kitu kikamilike. Karibu wote walikuwa “wachezaji wazuri wa timu”, na wote waliweza “kufanya kazi chini ya shinikizo”. Ungedhani ni mtu mmoja anayetoka na kuingia tena, amebadili shati tu.

Miongoni mwao alikuwamo binti niliyewahi kumfundisha. Nilimjulisha mwenyekiti mapema, tukakubaliana nisimwulize chochote wala nisimpe alama. Nikabaki msikilizaji. Mjumbe mmoja alimtaka aeleze tatizo la fedha alilowahi kulitatua. Binti akajibu kwamba yeye ni mtu anayejituma, mbunifu, anayeheshimu muda na anayependa changamoto. Mjumbe akarudia swali kwa upole. Binti akarudia jibu, safari hii kwa haraka zaidi.

Mimi nilikuwa nalijua jibu lake la kweli. Alipokuwa mwaka wa pili aliniletea kazi ya darasani kuhusu biashara ya mama yake, mama lishe mwenye kibanda karibu na kituo cha daladala. Alikuwa amegundua kwamba biashara ile haikufa kwa kukosa wateja, bali kwa madeni ya wateja. Watu walikula kwa mkopo, mama akaandika majina kwenye vipande vya karatasi, karatasi zikapotea. Binti akamtengenezea daftari la safu tatu: aliyekopa, kiasi, na siku ya kulipa. Akatenga fedha ya mtaji na fedha ya matumizi ya nyumbani. Akamshauri mama asimkopeshe tena mtu ambaye hajamaliza deni la wiki iliyopita. Kabla mwaka haujaisha, mama alikuwa ananunua mchele kwa gunia badala ya kwa kilo. Kama huo si uhasibu, mimi sijui uhasibu ni nini.

Hakupata kazi. Wiki kadhaa baadaye alikuja ofisini kwangu. Nilipomuuliza kwa nini hakusema habari za lile daftari, aliinamisha kichwa. “Mwalimu,” alisema, “niliona aibu kuwaambia watu wakubwa habari za mama lishe. Nilidhani watanicheka.” Kisha akafungua simu kunionesha kitini alichosomea, chenye maswali 30 na majibu yake. Nilikitambua. Nilikigawa mimi mwenyewe, miaka kadhaa iliyopita, katika semina ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Ndiyo maana naandika makala hii.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba majibu mazuri huzalisha ajira. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijitokeza katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwanzoni mwa 2025, walimu, ambao kwa miaka mingi walizoea kupangiwa vituo moja kwa moja, walianza kupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Waombaji walizidi 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Hata wale 18 wangejibu vema wote, 17 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Hilo ni suala la uchumi na sera, na halitatatuliwa kwa semina. Anayewaambia vijana kwamba wanakosa kazi kwa sababu hawajui kujieleza anamtwika mnyonge mzigo wa taifa.

Lakini ndani ya uwanja huo mwembamba kuna jambo lililo mikononi mwetu. Tunaweza kuhakikisha kwamba anayechaguliwa anachaguliwa kwa alivyo kweli, na anayekosa hatoki chumbani akiwa amemkana mama yake.

Kwa nini vijana hukariri? Kwanza, kwa sababu sisi walimu tumewalea hivyo. Mwanafunzi wetu hupita miaka 16 au zaidi akijifunza kwamba kila swali lina jibu moja, na jibu hilo analo mtu mwingine. Chuoni hulitafuta kwenye desa. Akihitimu, huliendea desa la usaili kwa imani ileile. Hajui kwamba amefika mahali pa kwanza maishani ambapo swali linamhusu yeye, na hakuna mwalimu mwenye majibu yake.

Pili, kuna malezi. Tulikua tukiambiwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto anayejisifu mbele ya wakubwa hukemewa. Kisha siku moja kijana huyo huyo anaambiwa “jiuze”, na anapewa dakika tano. Ulimi wake unakataa. Kwa kuwa hawezi kujisifu kwa maneno yake, huazima maneno ya watu wengine, tena yaliyotafsiriwa, yasiyo na harufu ya jikoni kwao wala vumbi la mtaani kwao. Wengi hulazimika kuyasema kwa Kiingereza, na hapo umbali kati ya mtu na maneno yake huongezeka.

Mimi naamini methali ile haijapitwa na wakati. Tumeielewa vibaya usaili, si methali. Msailiwa hatakiwi kujisifu. Anatakiwa kutoa ushahidi. Anayesema “mimi ni mwaminifu” amejisifu. Anayesema “nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha watu 25 kwa miaka miwili, na kila mwisho wa mwezi nilibandika hesabu ukutani” ametoa ushahidi. Uaminifu wake utatamkwa na wanaomsikiliza. Chema kimejiuza bila kujitembeza.

Kwa msingi huo, maandalizi ya usaili yanaanzia kwenye daftari lako, si kwenye desa. Kaa chini uandike mambo sita au saba uliyowahi kuyafanya kwa mikono yako: shuleni, kanisani au msikitini, dukani kwa mjomba, shambani, wakati wa mafunzo kwa vitendo. Kwa kila moja andika hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini hasa, na matokeo yakawa nini. Weka idadi pale unapoikumbuka kwa hakika. Hayo sita yatajibu maswali 30, kwa sababu maswali yanatofautiana maneno lakini hutafuta kitu kimoja.

Ukiambiwa “tueleze kuhusu wewe”, jopo haliulizi ulizaliwa wapi wala ninyi ni watoto wangapi. Linataka kujua ni njia gani imekufikisha kwenye kiti hicho. Dakika mbili zinatosha: umesomea nini, umefanya nini kinachofanana na kazi hii, na kwa nini hatua inayofuata ni hapa. Ukiulizwa kwa nini unaitaka kazi hiyo, usitoe sifa za jumla kwamba taasisi ni kubwa na inaheshimika. Soma tangazo la kazi mstari kwa mstari, jua taasisi inafanya nini na kwa ajili ya nani, kisha oanisha majukumu mawili au matatu na yale uliyoyaandika kwenye daftari lako.

Swali la udhaifu ndilo linalozalisha uongo mwingi zaidi. Udhaifu unaogeuka kuwa sifa haumdanganyi mtu. Taja upungufu wa kweli, usiogusa kiini cha kazi unayoiomba, na ueleze unaufanyia nini. “Nilikuwa naogopa kuzungumza mbele ya watu, mwaka jana nilijitolea kuongoza mikutano ya kikundi chetu, na sasa naweza, ingawa bado natetemeka kidogo mwanzoni.” Jibu kama hilo linaonesha mtu anayejijua. Wengi wetu tulio kwenye majopo hatujafika hapo.

Kuhusu miaka mitano ijayo, hakuna anayetaka utabiri. Sema ungependa kuwa umemudu nini, na ujuzi gani umeuongeza. Kuhusu mshahara, usiseme “wowote mtakaonipa”. Kauli hiyo huonekana kama unyenyekevu, lakini humfundisha mwajiri kwamba kazi yako haina bei. Kwa kazi za umma tangazo lenyewe huandika ngazi, kwa mfano TGS D kwa maofisa wengi wanaoanza na shahada. Kwa kazi za sekta binafsi, waulize wanaofanya kazi zinazofanana, piga hesabu ya nauli, pango na chakula, kisha taja kiwango cha chini na cha juu unachoweza kukitetea. Na kama huna uzoefu, usijibunie. Sema huna uzoefu wa ofisini, kisha fungua lile daftari la mama lishe.

Sasa niwageukie wenzangu tunaokaa upande wa pili wa meza. Desa la usaili limepata soko kwa sababu maswali yetu pia ni desa. Tunauliza “udhaifu wako ni upi” kwa kuwa nasi tuliulizwa. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walichapisha majumuisho ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Walionesha kwamba usaili uliopangwa, ambao kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale yanayotokana na kazi na kupimwa kwa vigezo vilevile, hubashiri utendaji vizuri zaidi kuliko maongezi ya kubahatisha. Kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye nako kulikuwa miongoni mwa njia bora kabisa. Sisi siku ile tungeweza kumpa kila mwombaji risiti 20 na karatasi, tukamwambia atupangie hesabu. Binti yule asingehitaji kujieleza sana.

Kuna pia maswali tusiyopaswa kuyatumia kumpimia mtu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama vile kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia na ulemavu, na kinamlinda hata mwombaji kazi ambaye bado hajaajiriwa. Hata hivyo mabinti wanaendelea kuulizwa wataolewa lini na wanapanga kuzaa lini, na sauti ya anayeuliza huwa ya baba au shangazi anayejali. Kwa binti anayeulizwa, hakuna desa linalosaidia. Akijibu, amejiumiza, akikataa, ameonekana mkaidi. Anaweza kusema kwa adabu kwamba majukumu ya nyumbani hayatamzuia kutimiza yaliyoandikwa kwenye tangazo, kisha arudi kwenye kazi. Lakini aibu ya swali lile si yake. Mwenyekiti wa jopo ndiye anayepaswa kulizuia.

Na lipo swali la mwisho, lile ambalo kila jopo huliuliza watu wakiwa wanakusanya karatasi: “Je, una swali lolote kwetu?” Siku ile 16 kati ya 18 walijibu “Hapana, asanteni.” Nami siwalaumu. Mtu aliyefundishwa miaka yote kwamba mwenye kuuliza ni mkubwa na mdogo kazi yake ni kujibu, hawezi kugeuka muulizaji ndani ya sekunde kumi. Ni tabia tunayoiona hata kwenye mikutano ya kijiji, mapato na matumizi yanaposomwa na watu wakapiga makofi. Tunasema kuuliza si ujinga, lakini tunawalipa wasiouliza.

Kwa hiyo andaa maswali mawili. Uliza mtu aliyekuwa kwenye nafasi hiyo alikwamia wapi. Uliza baada ya miezi sita watajuaje kwamba umefanya kazi vizuri. Hata ukikosa nafasi, utakuwa umeketi mbele ya meza ile kama mtu mzima mwenye kazi ya kutoa, wala si mwombaji wa msaada.

Kile kitini nimeacha kukigawa. Muhula huu, semina ya mwaka wa mwisho niliianza kwa kuwataka wanafunzi waandike kazi moja waliyowahi kuifanya ambayo hawajawahi kuiandika kwenye wasifu wao. Kijana mmoja aliandika kwamba tangu kidato cha pili yeye ndiye anayegawa maji ya bomba la mtaa wao: anapanga zamu, anakusanya fedha, anasuluhisha ugomvi wa ndoo. Alipomaliza kusoma, alicheka kwa haya na kusema, “Lakini hiyo si kazi, Mwalimu.”

Darasa zima likanyamaza, likinitazama nijibu. Nami nikawarudishia swali wao.