Al-Jazari Alikuwa Fundi



Kila mahafali tunasikia kwamba Waislamu walitengeneza mitambo inayojiendesha yenyewe kabla ya Wazungu. Tunapiga takbiri, tunarudi majumbani. Lakini mtoto akifeli mtihani, utasikia, "Huyu hana kichwa, mpelekeni kwa fundi." Sisi tunaona kauli hizi mbili hazikai pamoja.

Huyo tunayejivunia, Ismail al-Jazari, alikuwa fundi hasa. Aliwatumikia watawala wa Diyar Bakr, nchi ambayo leo imo Uturuki, na mwaka 1206 (602 Hijria) alimaliza kitabu chenye mitambo 50. Mmojawapo ni saa ya tembo. Ndani ya tembo mna maji, na juu ya maji linaelea tasa lenye tundu dogo. Tasa linajaa polepole, na baada ya nusu saa linazama na kuvuta kamba. Gololi inaachiwa huko juu, inaangukia kinywani mwa joka, joka linainama kwa uzito na kulinyanyua tasa tena. Hapo mwendeshaji aliyekaa juu ya tembo anampiga kichwani. Maji, kamba na uzito, basi!

Mtambo mwingine aliutengeneza kwa sababu mfalme hakupenda mtumishi ammiminie maji ya udhu. Al-Jazari akaunda mtumishi wa kutengenezwa, mwenye birika mkononi. (Suala la sanamu tunawaachia masheikh wetu.)

Kinachotugusa zaidi ni jinsi alivyoandika. Anaeleza vipimo, namna ya kuunganisha vipande, hata namna ya kusaga vali ya shaba kwa unga wa msasa mpaka isivuje. Anasema elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa vitendo hubaki baina ya kweli na uongo. Wala hakudai kuwa wa kwanza. Aliwataja waliomtangulia, wakiwemo Banu Musa, ndugu watatu wa Baghdad wa karne ya 9, na akasema saa yake mojawapo alifuata njia iliyonasibishwa na Archimedes, Mgiriki. Sasa sisi tusioweza kuziba bomba la maji ya udhu msikitini, tunadai nini?

Hatusemi watoto waache vitabu. Al-Jazari bila hesabu asingetoboa tundu sahihi. Tunasema mwenye kichwa chepesi naye ashike tupa na msumeno, na anayejifunza gereji asionekane ameanguka.

Tunauomba uongozi wa madrasa utenge Alhamisi moja kila mwezi. Tuanze na tasa moja, ndoo ya maji na msumari. Wanafunzi walitoboe, walipime kwa saa ya ukutani, wapanue tundu kidogo kidogo hadi lizame kwa dakika 30 kamili. Aitwe fundi wa mtaani awasimamie, akae kwenye kiti cha mwalimu, na alipwe kama mwalimu.