Jumamosi ya Jua Kali



Katika miezi ya Januari na Februari, kabla mvua za masika hazijaanza, jua la nchi yetu huwa kali mno. Huko Machakos, Makueni na Kitui huo ndio wakati wa kuvuna mahindi yaliyopandwa katika mvua za vuli. Karani aliyekaa mezani siku tano mjini hufika kwake Ijumaa jioni, na asubuhi yake hukuta kazi zimempangia mstari: kwenda sokoni, kusaga unga, kuteka maji, kutunza mboga, kufua na kuanika mavuno. Kazi ni nyingi na siku ni moja. Basi yafaa tuulize, siku hiyo igawanywe namna gani?

Kazi za jembe na maji zifanywe mapema, tangu mapambazuko hata saa tatu. Ukimwagilia sukuma wiki saa saba mchana, maji mengi hupotea kwa mvuke kabla ya kufika mizizini. Ukimwagilia alfajiri au jioni, udongo huyanywa. Kisha tandaza nyasi kavu kuzunguka mashina ili unyevu usitoroke. Miche ya kuhamishwa ingoje jioni, ipate usiku mzima wa kushika ardhi. Wala maji ya kusuuzia nguo yasimwagwe ovyo, maana mgomba hauyakatai.

Safari za sokoni na kinuni nazo ziwe za asubuhi, na ziwe safari moja. Andika katika karatasi chumvi, sabuni, mafuta ya taa na misumari, ili mtoto asirudishwe dukani mara tatu katika jua la utosini. Saa za adhuhuri ni za kivulini: kushona, kutia mpini jembe, kutazama madaftari ya watoto na kuandika hesabu ya nyumba. Mtu akiumwa kichwa na kuona kizunguzungu shambani, aache kazi mara moja, aketi penye kivuli na kunywa maji.

Lakini iko kazi moja ambayo jua kali ndilo fundi wake, nayo ni kukausha mahindi. Hapo hapana mzaha. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota katika nafaka iliyowekwa ghalani kabla ya kukauka. Kuipika hakuiondoi, na pengine punje yenye sumu huonekana nzuri kama nyingine.

Kwa hiyo, mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu. Tandika turubai au mkeka, yatawanye yawe tabaka jembamba, yageuze mara kwa mara, na uyaingize ndani kabla umande haujaanguka. Unyevu wake usizidi sehemu 13 na nusu katika 100. Asiye na kipimo ana njia nyepesi. Tia mahindi kiasi katika chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani.

Sasa ni nani atakayeyageuza mahindi hayo, na kuyalinda na mbuzi na kuku? Katika nyumba nyingi jibu ni mama. Lakini mama huyo huyo ndiye aliyekwenda mtoni. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Akienda mara tano amekwisha kubeba kilo 100, na chakula cha mchana hakijapikwa. Akiwa mtoni wingu likaja ghafula, mahindi hulowa, na hasara hiyo huingia ghalani bila kelele.

Huenda msomaji mmoja akasema, “Mimi nimefanya kazi juma zima, Jumamosi ni siku yangu ya kupumzika.” Hayo ni kweli, bwana. Lakini mkeo naye alifanya kazi tangu Jumatatu, tena hakupewa Jumamosi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye baiskeli afunge mitungi miwili nyuma na kuyaleta maji mwenyewe. Vijana, wa kiume na wa kike pia, washike zamu ya turubai. Hapo mama atapata nafasi ya kukagua punje kwa jicho lake lililozoea. Kumsaidia mke hakumpunguzii mtu heshima, ila kulisha watoto mahindi yenye ukungu kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake anayatazama ni aibu kubwa.

Basi, Ijumaa usiku, kabla ya taa kuzimwa, baba na mama wakae pamoja na kupanga nani atafanya nini, na saa ngapi. Mwenye turubai kuukuu alishone usiku huo huo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya ghala lenyewe.