Kitanzi Peke Yake si Sharia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Baada ya darsa, mzee mmoja aliuliza: "Ustadhi, Tanzania haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994. Je, huku si kuipuuza hukumu ya Mwenyezi Mungu?" Wengi walitikisa vichwa kumuunga mkono. Kwa heshima zote kwa mzee wetu, jibu langu ni kwamba kitanzi peke yake si sharia ya Kiislamu.

Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na mkoloni Mwingereza ilimfunga jaji: akishamtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, atamke kifo tu. Katika utaratibu huo mjane haulizwi, wala yatima haulizwi. Mdai ni Jamhuri, na mwenye mamlaka ya kusamehe ni Rais. Msiba ni wa familia, lakini msamaha ni wa Ikulu.

Sasa tuitazame Qur'ani Tukufu. Suratul Baqara, aya ya 178, imefaradhisha kisasi. Na katika aya hiyo hiyo mwenye haki ya damu ametajwa kuwa ni ndugu wa muuaji, ukafunguliwa mlango wa msamaha na wa dia inayolipwa kwa wema. Allah ameuita mlango huo tahafifu na rehema. Suratul Israa, aya ya 33, imempa walii wa aliyeuawa mamlaka, kisha ikamkataza kupindukia mipaka. Naye Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba Bwana Mtume hakuletewa shauri la kisasi ila alihimiza msamaha.

Sikanushi kisasi, mwenye kukikanusha amekanusha aya. Ninachokataa ni kuchukua kamba na kuacha dia, msamaha na toba, kisha tukaita nusu hiyo Uislamu.

Huenda mtu akasema: basi tajiri ataua na kulipa. Hoja hii ina uzito, na wanavyuoni hawakuifumbia macho. Kwa Imam Malik, muuaji wa kukusudia akisamehewa hupigwa mijeledi 100 na kufungwa mwaka mmoja. Kwa Imam Shafii, ana deni pia la kafara kwa Mola wake. Msamaha wa familia haufuti haki ya jamii.

Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 14 Desemba 2017, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha tarehe 28 Novemba 2019, zilikataa sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kupima hali ya mkosaji. Hazikuifuta adhabu yenyewe. Hapo ndipo Waislamu tulipaswa kuwa na la kusema: kwamba jamaa wa marehemu wasikilizwe, na kwamba fidia iwafikie mayatima. Mtu aliyekaa gerezani miaka 20 akiingojea kamba hajamlipia yatima hata daftari la shule.

Lakini tusiielekeze lawama yote serikalini. Ni misikiti mingapi inayomkumbuka mjane wa aliyeuawa baada ya khitma kwisha? Ni maimamu wangapi wanaoingia magerezani kuwafundisha waliohukumiwa? Sote tunaisimulia hadithi sahihi ya mtu aliyeua watu 99, akamkamilishia wa mia yule aliyemkatisha tamaa, na bado mlango wa toba ukafunguliwa kwake. Tunaisimulia mimbarini, kisha tukitoka nje tunasema muuaji hatengenezeki.

Mzee wetu aliuliza kuhusu hukumu ya Mwenyezi Mungu. Hukumu hiyo inaanza kwa kuthibitisha kosa bila shaka, inampa haki mwenye kufiwa, na inamwachia mkosaji njia ya kurejea. Tuidai yote, na ile sehemu iliyo mikononi mwetu tuianze Ijumaa hii.

Wabillahi tawfiq.