Nyota Mmoja Hajazi Uwanja

Kila msimu wa usajili wafanyabiashara wa Dodoma huambiwa lile lile: timu inayoyumba inunue nyota, mashabiki watakuja. Hesabu za jirani zinakataa. Singida United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017 ilisajili wageni, akiwamo mshambuliaji wa Rwanda, Danny Usengimana. Mwaka 2018 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Nyota huuza tiketi za mechi za mwanzo, mshahara wake hudaiwa msimu mzima. Uwanja wa Jamhuri hujaa Simba au Yanga zikija, na wengi hushangilia wageni. Mwenye fedha za kuidhamini Dodoma Jiji aanze na vijana wa hapa na ushindi wa nyumbani. Chema chajiuza.