Picha za Harusi Zisizo na Watu

"Chakula kitaliwa kiishe, picha ndizo zitakazobaki." Mwenyekiti wa kamati moja ya harusi hapa Lodwar alitamka maneno hayo, akakunja karatasi ya bajeti, na mjadala ukaishia hapo. Tukapitisha wapiga picha wawili, mtu wa video, droni, na gari la kuwaleta wote kutoka Kitale, wafanye kazi tangu bibi harusi anapopakwa poda alfajiri hadi keki inapokatwa usiku. Fungu la picha likalipita fungu la nyama. Hakuna aliyenyanyua mkono. Baadaye nikayasikia maneno yale yale Kakuma, kinywani mwa MC, na watu wakampigia makofi. Nimechoka nayo, kwa sababu hakuna anayeuliza zinazobaki ni picha za nani.

Harusi yenyewe nilihudhuria. Misa iliisha kabla ya adhuhuri, kisha maharusi wakachukuliwa hadi ukingoni mwa mto Turkwel kupigwa picha. Sisi tukabaki chini ya hema, na jua la Lodwar mnalijua. Watoto walisinzia kwenye viti vya plastiki, wali ukakauka kwenye sufuria. Mstari wa mbele alikaa nyanya wa bwana harusi, shanga zimempanda hadi kidevuni, kigoda chake kando ya mguu. Alikuwa ametoka Loima kwa ajili ya mjukuu huyo mmoja. Maharusi waliporudi jua lilikuwa limeshuka, na mpiga picha, kwa furaha kabisa, akasema mwanga sasa ni mzuri, kwa hiyo warudi nyuma waingie upya. Waliingia upya. Nyanya akaambiwa gari la kwao linaondoka, akainuka akaenda zake bila kumshika mjukuu mkono.

Albamu ikaja. Kuna viatu vya bibi harusi peke yake. Kuna pete juu ya ua, gauni likining'inia dirishani, na Turkwel ilivyo ukiitazama kutoka angani. Nyanya hayumo. Si kwamba ametokea kwa mbali au amekatwa kichwa; hayumo kabisa. Wapiga picha wawili kutwa nzima, na mtu aliyeketi mstari wa mbele hawakumwona.

Msiniambie basi kwamba harusi inahitaji picha za kutwa. Mwaka 1973 na 1974 David na Judith MacDougall waliishi huku Turkana wakitengeneza filamu tatu, na mojawapo, *The Wedding Camels*, inahusu ndoa ya Akai, binti wa mzee Lorang, na Kongu, rafiki wa mzee huyo. Walikuwa watu wawili tu: mume ameshika kamera, mke ameshika kinasa sauti. Sehemu kubwa ya filamu ni watu wakibishana kuhusu ngamia: wangapi, wa aina gani, na nani katika ukoo apewe nini, hadi unadhani ndoa itavunjika. Walielekeza kamera kwa wenye maneno. Leo, nusu karne baadaye, ukitaka kujua harusi ya Kiturkana ilivyokwenda, nani alidai nini na nani alinuna, utaitazama filamu hiyo. Video zetu zenye muziki wa kupakua na maharusi wanaotembea polepole kama wagonjwa hazitamjibu mjukuu yeyote swali lolote.

Kwa mila, ndoa yetu husimama kwa mifugo iliyotolewa na dume aliyeuawa mbele ya koo mbili. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo ya jamaa wengi, kwa hiyo anayetoa mahari leo ametoa kitu kinachouma. Watu hao ndio wapigwe picha! Sheria nayo, ile ya ndoa ya 2014, inataka mashahidi wawili. Haikutaja droni popote. Inataka pia ndoa ya kimila ipelekwe kwa msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, na hapo ndipo hasira yangu inapozidi, maana kamati hizi zinazochangisha usiku na mchana kwa M-Pesa huvunjika keki ikiisha, na bibi harusi hubaki na video ndefu bila cheti. Mume akifa, video hiyo ataipeleka wapi?

Kuna wanaonijibu kwamba bila droni watu watasema tumefilisika. Watu gani? Waje na mchango wao kwanza. Wengine, hasa Kakuma, husema ndugu walioko ng'ambo lazima waone. Kambi ile ya wakimbizi ipo tangu 1992, na familia nyingi zimegawanyika kati yake na Marekani, Kanada na Australia. Lakini huyo kijana aliyeko Australia anatafuta nini kwenye video? Anamtafuta shangazi yake. Anataka kuona nani amezeeka na mtoto wa nani amekua. Mabati ya kambi yaliyopigwa picha kutoka juu anayajua, alizaliwa chini yake. Na posho ya chakula ilipunguzwa kambini mwaka 2025; kuchangisha droni mahali pa namna hiyo ni aibu, na nasema hivyo kwa wanaochangisha.

Hata hao wapiga picha wa Kitale sijui tunawafuatia nini. Kakuma ina vijana waliofundishwa kushika kamera na shirika la FilmAid, na tangu 2008 wakimbizi wenyewe wameandika habari katika gazeti lao, Kanere. Kijana wa aina hiyo anajua mzee gani hapigwi picha kabla ya kuamkiwa, na mama yupi ndiye mwenye harusi hata kama amekaa nyuma jikoni. Tunamruka, tunamlipia mgeni mafuta na kitanda.

Kamati ijayo nimo, na nitakwenda na orodha ya majina kabla ya bei yoyote. Mpiga picha awe mmoja, wa hapa hapa. Aanze na wazee wa pande zote mbili asubuhi kabla jua halijakaza, waketi walivyozoea kuketi, kila mmoja ajulikane kwa jina. Aingie kanisani, apige wapishi, apige waliotoa mahari, kisha aweke kamera chini ale na wenzake. Mazungumzo ya wazee yarekodiwe kwa simu mwanzo hadi mwisho, bila muziki. Na picha zichapwe kwenye karatasi, kila nyanya apewe yake mkononi, kabla mpiga picha hajalipwa salio.